Watumishi Wawili wa Bi Mwanamkuu

Enyi mliohudhuria, wake kwa waume, mliotangulia kuketi na mliosimama mlangoni kwa kukosa nafasi, nawaamkia kwa heshima zote za kikao hiki. Amani iwe juu yenu, na juu ya wale mliowaacha majumbani. Naomba idhini yenu niseme. Nikiisha kupewa idhini, nawaomba na masikio yenu, kwa kuwa kisa nilichokibeba hakichekeshi, wala hakina mwisho. Mwisho wake nimekuja kuutafuta kwenu.

Hapo zamani, na zamani yangu ni fupi, haijatimiza miaka miwili, katika mji wa pwani uitwao Mitondooni aliishi mghani jina lake Bi Mwanamkuu binti Shali. Umri wake ulikuwa miaka sabini na mmoja. Kifuani mwake mlikuwamo utenzi mmoja ambao hakuna mwingine aliyeujua mpaka mwisho, nao ni Utenzi wa Kuaga, wenye beti mia nne na kumi na mbili. Huimbwa mwanamke anapotoka nyumbani kwao. Akitoka bibi harusi, huimbwa beti mia tatu na sabini na moja za mwanzo. Akitoka maiti, huongezwa zile arubaini na moja za mwisho. Hizo za mwisho haziimbwi kwa mazoezi. Hutolewa mbele ya jeneza tu, au siku mghani anapomrithisha mwenziwe. Na Bi Mwanamkuu alikuwa hajamrithisha mtu. Watu walizisikia misibani, naam. Lakini nani huhifadhi beti huku akilia?

Bi Mwanamkuu alijua kusoma. Ila utenzi huo hakuupata kwa herufi. Aliupata kwa mama yake, kwa sauti na kwa mlio wa upatu wa shaba. Mwenyewe akisema: "Nikinyamaza, silijui hata neno moja. Nikianza kuimba, huja yenyewe, neno likilishika neno mkono."

Na katika mji huo iko desturi, nanyi ishikeni, maana kisa chote kinaegemea juu yake. Mtu akimpotezea mghani ubeti, kwa kucheka, kwa kukohoa, kwa kumpita mbele yake, hushika kimya. Kushika kimya ni hivi: mwaka mzima huiacha ile kazi iliyomtia kosani, na kisa cha kosa lake hakitoki kinywani mwake. Mwaka huo hauanzi kuhesabiwa mpaka baraza la waghani limtaje mwenye kosa kwa jina. Kwa kosa moja, zikipotea beti chache au nyingi, mtu mmoja, mwaka mmoja. Hivyo ndivyo walivyowakuta wazee wao, na hivyo ndivyo walivyoendelea.

Basi Bi Mwanamkuu akaota uvimbe kooni. Madaktari wakamwambia kwamba watauondoa, naye ataishi. Lakini sauti itaondoka pamoja na uvimbe. Wakampa wiki sita.

Watu watatu wakainuka kuuokoa utenzi.

Wa kwanza ni Shekuwe bin Lali, fundi wa kompyuta. Wa pili ni Mzee Bwanaheri, mshika funguo wa Nyumba ya Maandiko, ambaye kwa miaka thelathini alizianika hati za mji zisiliwe na unyevu. Wa tatu ni Tima binti Kale, mwanafunzi wa Bi Mwanamkuu, mwanamke wa miaka arubaini aliyemwitikia mwalimu wake katika kila harusi tangu alipokuwa msichana. Shekuwe akaleta kompyuta. Mzee Bwanaheri akatoa ukumbi wa juu. Na Tima, aliyekuwa akimuuguza mama yake nyumbani, akasema: "Mimi nitasahihisha maandishi nikiwa kwangu, kando ya kitanda cha mama."

Sasa, mabwana na mabibi, nivumilieni kidogo. Kompyuta haifanyi kazi kwa kile kinachoonekana kwenye kioo peke yake. Nyuma ya kioo wamo watumishi. Ni programu ndogo zisizo na sura, huzaliwa bila kuitwa, hufa bila kuzikwa. Mmoja hutunza saa, mmoja hulinda mlango wa mtandao. Shekuwe alitengeneza mtumishi wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti ya Bi Mwanamkuu, kuihifadhi, kuigeuza maandishi, na kuviweka vyote katika faili moja kubwa waliyoiita Sanduku.

Na watumishi hao ni wa namna mbili. Yuko mtumishi wa mtu, na yuko mtumishi wa kikao. Mtumishi wa mtu huzaliwa pale mwenye jina, yaani mwenye akaunti, anapoingia kompyutani kwa mara ya kwanza. Mwenye jina akiingia mahali pawili, mtumishi ni yule yule mmoja. Wala hafi mpaka mwenye jina atoke pote alipoingia. Mtumishi wa kikao huzaliwa na kikao, hufa na kikao. Ukiketi mahali pawili, wanazaliwa wawili, nao hawajuani.

Shekuwe alianza na mtumishi wa mtu.

Siku ya kwanza Bi Mwanamkuu alikiangalia kioo, akauliza: "Huyu mtumishi wako, Shekuwe, anakula nini?"

"Hali kitu, Bibi. Umeme tu."

"Na akifokewa, hununa?"

"Hanuni, Bibi."

"Kumbe amemshinda marehemu mume wangu."

Wakacheka wote. Akapiga upatu, akaanza:

*Mlangoni nimefika,*
*kizingiti nakivuka,*
*wangu wote nawaweka*
*amanani mwa Jalia.*

Akaimba wiki ya kwanza. Akaimba wiki ya pili. Yeye ukumbini, Tima nyumbani. Wote wawili ndani ya kompyuta kwa jina moja, jina la Bi Mwanamkuu, na mtumishi mmoja akiwatumikia. Beti zikapita mia.

Hata asubuhi moja Tima akapanda ngazi za Nyumba ya Maandiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na uso wa matanga?"

"Bibi, jana ulipomaliza kuimba, uliketi na Mzee Bwanaheri mkazungumza."

"Tulizungumza. Kwani wazee wamekatazwa kuzungumza?"

"Mtumishi alisikia, Bibi. Aliandika yote. Nimeyasoma nyumbani, kati ya ubeti wa mia na arubaini na ule unaoufuata."

Bi Mwanamkuu akauweka upatu chini. Alijua alichokisema. Alikuwa ameufunika uso wake kwa ushungi, akalia, akamwambia Mzee Bwanaheri: "Sikiogopi kifo. Naogopa kuamka nikiwa bubu. Na Tima ni mtoto mwema, lakini sauti yake hainitoshi."

Maneno hayo Tima alikuwa ameyasoma kwa macho yake, kwa herufi safi, zimepangwa vizuri kama ubeti.

Hakuna aliyeyataja tena.

Akaitwa Shekuwe. Bi Mwanamkuu akamuuliza kwa upole, na upole wake siku ile ulikuwa mzito kuliko ukali: "Mtumishi wako hakuona kwamba nimenyanyuka?"

"Hakuona, Bibi. Yeye ni mtumishi wa mtu. Ulitoka hapa, lakini jina lako lilikuwa bado limo ndani kwa Tima. Basi kwake yeye wewe hujaondoka, na kipaza sauti cha ukumbini aliendelea kukisikiliza."

"Mimi namtaka anayejua kuondoka. Nikiketi, awepo. Nikinyanyuka, afe. Machozi yangu si sehemu ya utenzi."

Shekuwe akainamisha kichwa. Akambadilisha mtumishi wa mtu, akamfanya mtumishi wa kikao.

Lakini Shekuwe alikuwa fundi, na alikijua alichokifanya. Kila mtumishi wa kikao anapozaliwa huchukua nakala ya Sanduku zima. Anapokufa, hurudisha alichonacho, na kile alichokirudisha ndicho kinachobaki. Akiwa mmoja, hapana neno. Wakiwa wawili kwa wakati mmoja, atakayekufa mwisho atayafuta ya mwenzake, wala hatajua kwamba amefuta. Dawa ilikuwa kufuli: Sanduku lishikwe na mtumishi mmoja tu, wa pili angoje. Kuitengeneza kufuli hiyo na kuijaribu kulihitaji siku nne.

Akamwambia Tima: "Dada Tima, afadhali uwe na jina lako mwenyewe. Nikufungulie akaunti yako, uwe na mtumishi wako na sanduku lako, kisha mimi nitayaunganisha."

Tima akajibu: "Nimekwisha zoea jina la Bibi. Usinibadilishie mkono katikati ya kazi."

Shekuwe hakushikilia. Akaiahirisha na kufuli pia, kwa kuwa kila siku Bi Mwanamkuu aliimba, na kuisimamisha kompyuta siku nne ni kupoteza beti arubaini au zaidi. Akasema moyoni: nitaitia baada ya operesheni.

Beti zikapita mia mbili. Zikapita mia tatu. Ijumaa ya mwisho, zilikuwa zimetimia mia tatu na sabini na moja. Zilibaki arubaini na moja, zile za jeneza, na operesheni ilikuwa Jumatatu. Bi Mwanamkuu akasema: "Kesho nitazitoa. Naomba asiwepo mtu ukumbini. Bwanaheri akae nje ya mlango, basi."

Ijumaa hiyo Shekuwe akamwambia Mzee Bwanaheri: "Mzee, wewe ni jirani yake Tima. Mpelekee neno hili kama lilivyo, usilipunguze. Kesho asiingie kwa jina la Bibi wakati Bibi ameketi ukumbini. Na kama amekwisha kuingia, asifunge mpaka aniite mimi."

"Nitalifikisha, baba."

Shekuwe angeweza kupiga simu. Hakupiga. Mjumbe alikuwa mtu mzima, na nyumba zilikuwa ukuta kwa ukuta.

Mzee Bwanaheri akaenda. Akamkuta Tima kizingitini, amemnyanyua mama yake kwa mikono miwili kama mtu anyanyuavyo mzigo wa kuni. Mama hakuweza tena kusimama tangu asubuhi ile. Tima hakuwa na hata kidole cha kufutia jasho.

"Karibu, Ami. Samahani, siwezi kukupa mkono."

"Usijali, mwanangu. Nimetumwa na Shekuwe."

"Anasemaje?"

Mzee Bwanaheri akamtazama yule mama, kichwa kimelala begani mwa mwanawe. Akasema: "Anasema, ukimaliza kazi yako, funga."

"Nitafunga, Ami. Mwambie nitafunga."

Jumamosi, jua lilipotoka, Tima aliwasha kompyuta yake, akaingia kwa jina la Bi Mwanamkuu. Akazaliwa mtumishi. Akachukua nakala ya Sanduku: beti mia tatu na sabini na moja. Kabla Tima hajasoma mstari mmoja, mama yake akamwita. Akaenda, akaiacha kompyuta wazi.

Saa tatu, Bi Mwanamkuu aliketi ukumbini. Akazaliwa mtumishi wa pili. Naye akachukua nakala: beti mia tatu na sabini na moja. Bi Mwanamkuu akapiga upatu, akaimba. Nje ya mlango Mzee Bwanaheri alikaa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Alisema baadaye kwamba hajapata kusikia sauti iliyokuwa na ugonjwa ndani yake ikapanda namna ile. Aliimba arubaini na moja zote, hakukosa hata moja. Adhuhuri ilipoadhiniwa alifunga kikao, na mtumishi wake akafa kama alivyoagizwa, baada ya kurudisha Sandukuni beti mia nne na kumi na mbili.

Utenzi ulikuwa umekamilika. Ulikaa umekamilika kwa saa nne.

Saa kumi za alasiri Tima alirudi kwenye kompyuta yake. Akasoma mpaka ubeti wa kumi na nane. Akaona herufi moja imekosewa, akaisahihisha. Akakumbuka neno la Mzee Bwanaheri. Akafunga. Na mtumishi wake, mtiifu kama yule wa ukumbini, akarudisha Sandukuni alichokuwa nacho tangu asubuhi: beti mia tatu na sabini na moja, na herufi moja iliyosahihishwa.

Jumatatu Bi Mwanamkuu alipasuliwa. Jumanne Shekuwe akafungua Sanduku.

Alitafuta siku saba. Nakala ya akiba ya Ijumaa ilikuwapo. Ya Jumamosi haikuwapo. Sauti haikuwapo, maandishi hayakuwapo. Ilikuwapo ile herufi.

Bi Mwanamkuu aliporudi nyumbani, kitambaa cheupe shingoni, wakampa habari. Akaomba upatu kwa mkono. Akapiga ule mwendo wa beti za mwisho, akafumbua kinywa, akachezesha midomo. Tima alikuwa amepiga magoti mbele yake, uso kwa uso, akiisoma ile midomo. Ubeti wa kwanza akaupata nusu. Wa pili hakuupata. Wa tatu Bi Mwanamkuu mwenyewe alisita. Kijiti kikabaki hewani. Sauti haikuwapo ya kulishika neno mkono, na neno halikuja. Akajaribu tena, na tena, na siku ya pili, na siku ya tatu. Siku ya nne aliugeuza upatu kifudifudi.

Basi likaitishwa baraza la waghani, baada ya alasiri, katika ule ukumbi wa juu. Waliketi wanawake tisa wa duara la Bi Mwanamkuu, na yeye mwenyewe katikati. Mkubwa wa duara, Bi Mize, akasema: "Beti arubaini na moja zimepotea. Iko desturi. Nani ashike kimya?"

Shekuwe akasimama.

"Kosa ni langu, na kimya ni changu. Mimi ndiye niliyemfanya mtumishi wa kikao, na mimi peke yangu nilijua kwamba wawili wakikutana mmoja atamfuta mwenzake. Kufuli ilihitaji siku nne. Nilizihesabu beti za siku nne, nikaona nitapoteza arubaini. Nikakataa kupoteza arubaini. Tazameni nilichopoteza. Tena hatari niliyoijua mimi nimempa mzee aibebe kwa mdomo, na simu iko mfukoni mwangu."

Mzee Bwanaheri akasimama kabla Shekuwe hajaketi.

"Kosa ni langu, na kimya ni changu. Fundi alisema: usilipunguze. Nikalipunguza. Nilikuwa na neno refu. Nilipomwona yule binti amembeba mama yake, nikaona haya kumwongezea. Nikambakizia neno fupi la kumwambia afunge. Nalo ndilo neno alilokatazwa. Wallahi, laiti ningelala njiani nisifike! Asingeambiwa kitu, pengine asingefunga, na Shekuwe angeikuta kompyuta wazi. Huruma yangu ndiyo iliyofuta."

"Si hivyo, Ami," Tima akasema, naye amesimama. "Kosa ni langu, na kimya ni changu. Mkono uliofunga ni huu. Shekuwe alitaka kunipa jina langu. Ningelikubali, watumishi wasingegusana mpaka leo. Nikamwambia nimezoea. Sikusema kweli." Akamtazama mwalimu wake. "Nilisoma siku ile kwamba sauti yangu haitoshi. Kila nilipowasha kompyuta likatokea jina la Bibi juu ya kioo, na mimi nimo ndani yake. Kwa jina langu sikutosha. Kwa jina lake nilitosha. Sikutaka kutoka humo."

Bi Mwanamkuu akafunika uso.

Bi Mize, ambaye ulimi wake haulali hata msibani, akasema: "Makubwa! Nimezeeka nikiwaona watu wakilikimbia kosa kama moto. Hawa wanaligombania kama watoto na ukoko wa pilau. Ketini, mtatuvunjia sakafu."

Mmoja akacheka, kisha akalia.

Wakaanza kupima. Akasema wa kwanza: "Ashike Shekuwe. Yeye ndiye aliyejua." Akajibiwa: "Shekuwe akiiacha kompyuta mwaka mzima, Bi Rukia, mghani aliyekuwa afuate kurekodiwa, na utenzi wake watangoja. Bi Rukia ana miaka themanini na sita. Mwaka anao?"

Akasema wa pili: "Ashike Bwanaheri. Ujumbe ulivunjikia mikononi mwake." Akajibiwa: "Bwanaheri akitoa funguo, nani atazianika hati masika yakija? Hapa juu tumekaa juu ya karne tatu za karatasi."

Akasema wa tatu: "Ashike Tima. Jina lisilo lake alilishikia nini?" Akajibiwa: "Kazi ya Tima ni utenzi huu, naye ndiye peke yake anayezijua zile mia tatu na sabini na moja kwa mahadhi yake. Maandishi tunayo, lakini maandishi hayaitikii. Akinyamaza Tima, bibi harusi wa mwaka huu watatoka majumbani kwa mama zao bila neno."

Ndipo Bi Mwanamkuu akaokota kijiti cha upatu. Akagonga sakafu mara moja, wote wakamgeukia. Akakielekeza kwa Shekuwe, akatikisa kichwa. Akakielekeza kwa Mzee Bwanaheri, akatikisa kichwa. Akakielekeza kwa Tima, akakiweka mapajani kwanza, akapumzika, kisha akatikisa kichwa. Halafu akakigusisha kwenye kitambaa cheupe cha shingo yake, akakishikilia pale.

Wote walielewa. Yeye ndiye aliyesema: nikinyanyuka, afe. Mtumishi wa kwanza, yule aliyeyasikia machozi yake, asingepoteza hata ubeti mmoja.

Tima akapiga kelele: "La, Bibi! Wewe uliomba haki yako. Nani asiyetaka kulia bila kusikilizwa?"

Na Bi Mize, safari hii bila mzaha, akasema: "Tumhukumu kimya aliyekwisha kuwa nacho? Tutampa nini tena?"

Baraza likavunjika bila jina. Likakaa tena mwezi uliofuata, likavunjika bila jina. Na wale watatu, kila mmoja kwa kuona kosa ni lake, wakashika kimya wote bila kungoja kuambiwa. Shekuwe hajaigusa kompyuta ya ukumbini. Mzee Bwanaheri aliziweka funguo mbele ya Bi Mize, nazo ziko pale pale. Tima haimbi. Hiyo ni miezi kumi na minne sasa, wala hata siku moja haijahesabiwa, kwa kuwa jina halijatajwa. Bi Rukia alifariki katika mwezi wa tisa wa kimya hicho, pamoja na utenzi wake. Masika yamepita mara moja juu ya paa la Nyumba ya Maandiko. Bi Mwanamkuu yu hai, amekonda, na watu wake wanajua kwamba siku akitolewa mlangoni, hakuna atakayemwimbia beti zake.

Iko mistari mitatu tu. Mzee Bwanaheri, kabla hajajifunga kinywa, alisema kwamba Jumamosi ile, kwa kuwa alikuwa ameegemea ukuta, ubeti wa mwisho kabisa ulimwingia. Si wote. Akautoa mbele ya baraza kwa sauti yake isiyojua kuimba:

*Taa msinizimie,*
*mlango msifungie,*
*ngojeni nitangulie…*

Kituo cha ubeti, mstari wa nne, kilimpotea. Mimi niliyefundishwa kupima mizani nimekaa nao siku nyingi huo ubeti. Mizani minane najua, kina cha mwisho najua. Ningeweza kuutengeneza mstari ukatosha. Nimejizuia.

Basi, enyi waungwana, desturi yataka mtu mmoja. Mkimtaja, jina hilo nitalifikisha kwa baraza: wasiotajwa watafunguliwa, na mwaka wa aliyetajwa utaanza kuhesabiwa. Msipomtaja, wote wataendelea hivi mpaka Bi Mwanamkuu atolewe. Yuko aliyejua asitende. Yuko aliyehurumia akapunguza. Yuko aliyependa jina la mwenziwe, akafunga kwa jina hilo. Yuko aliyeomba kulia peke yake. Nami nawauliza, wala siwaulizi kwa mchezo: je, kimya hiki ni cha nani?

Aliyenipa kisa hiki kwanza ni Tima binti Kale. Hakunisimulia. Niliketi mbele yake ukumbini kwake tangu asubuhi hadi adhuhuri, mama yake amelala nyuma ya pazia, naye akaniandikia karatasi kumi na moja bila kunyanyua uso. Na chini ya ile ya mwisho akatia jina lake mwenyewe.